Msikilizeni Lupita

Mwezi wa Agosti 2025, ukumbi wa Delacorte, ule usio na paa ulio ndani ya bustani ya Central Park jijini New York, ulifunguliwa tena baada ya ukarabati uliogharimu takribani dola milioni 85. Tamthilia iliyopewa heshima ya kulifungua jukwaa ni Twelfth Night ya Shakespeare. Viola, binti anayenusurika meli inapozama na kuamini kwamba pacha wake amemezwa na bahari, aliigizwa na Lupita Nyong'o. Pacha mwenyewe, Sebastian, aliigizwa na Junior Nyong'o, mdogo wake wa tumbo moja. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Na katikati ya Kiingereza kile cha zaidi ya karne nne zilizopita, ndugu hao wawili walikuwa wakisemezana Kiswahili.

Huku kwetu niliona picha za mavazi ya Lupita zikisambaa kama kawaida. Kiswahili nilikiona kikitajwa mara chache mno, na wengi waliokitaja walikipita mbio. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu naamini kwamba usiku ule bustanini ulitupa ufunguo wa kazi yake yote. Kwa zaidi ya miaka kumi tumemtazama Lupita: ngozi yake, nywele zake, gauni la buluu mpauko alilolivaa Machi 2, 2014 alipokuwa Mkenya wa kwanza kupata Tuzo ya Oscar ya uigizaji. Tumemsikiliza kidogo sana. Nami nashikilia kwamba ukubwa wake umo kooni, katika namna anavyoingia ndani ya lugha ya mtu mwingine na kukaa humo, na kwamba ufundi huo haukuzaliwa Hollywood. Ulizaliwa jukwaani, na jukwaa la kwanza lilikuwa la Nairobi.

Alikuwa na umri wa miaka 14 alipoigiza Juliet katika Romeo and Juliet ya kikundi cha Phoenix Players. Wakazi wa Nairobi wa rika fulani wanaikumbuka Phoenix: ukumbi mdogo ndani ya Professional Centre, viti vikiwa karibu na jukwaa kiasi kwamba mwigizaji akimeza mate unamwona. Katika ukumbi wa namna hiyo huwezi kujificha nyuma ya taa. Ukiikata beti ya Shakespeare mahali pasipofaa, mtu wa safu ya mbele anakunja uso mbele yako. Mtoto wa darasa la sekondari aliyesimama pale na kubeba maneno ya Juliet alijifunza kupumua kabla ya kujifunza kupendeza.

Miaka miwili baadaye wazazi wake walimpeleka Meksiko kujifunza Kihispania. Nchi hiyo ndiko alikozaliwa mwaka 1983, baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, na ndiko lilikotoka jina lenyewe la Lupita. Alikaa Taxco miezi saba. Kwa hiyo kabla hajafikisha miaka 18 alikuwa na Kijaluo cha nyumbani, Kiswahili na Kiingereza cha Nairobi, na Kihispania cha milimani Guerrero. Wengi wetu Afrika Mashariki tuna lugha tatu au nne na hatuzioni kuwa ni mtaji. Yeye alizigeuza kuwa zana za kazi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana yameandikwa sana. Alifanya kazi nyuma ya kamera filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya. Mwaka 2009 alionekana kama Ayira katika Shuga, tamthilia ya runinga iliyotufanya vijana wa wakati ule tuzungumze kuhusu virusi vya ukimwi bila kuangalia chini. Mwaka huohuo ilitoka In My Genes, filamu yake ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, aliyoiandika, akaiongoza na kuihariri mwenyewe. Naomba msomaji aiweke pembeni filamu hiyo, nitairudia. Kisha akaingia chuo cha maigizo cha Yale, akahitimu 2012.

Kuhusu Yale kuna jambo moja ambalo Lupita mwenyewe alilieleza mwaka 2024 alipozindua kipindi chake cha sauti, Mind Your Own, chenye visa vya Waafrika. Alisema alipokuwa chuoni aliamua kuiacha lafudhi yake ya Kenya na kuzungumza kwa lafudhi ya Kimarekani tu, darasani na nje ya darasa, ili apate kazi. Iligharimu machozi. Baada ya 12 Years a Slave, dunia ilipoanza kumwekea vipaza sauti mdomoni, akaamua kuirudia lafudhi yake ya nyumbani hadharani. Mimi niliposikia maelezo hayo nilirudia mahojiano yake ya miaka ya mwanzo na kuyasikiliza upya. Yule msichana aliyekuwa akijibu maswali ya waandishi kwa utulivu ule alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa tumwangalie Patsey. Wanaoisifu 12 Years a Slave ya Steve McQueen huzungumzia mateso ya mhusika huyo, na mateso yenyewe ni mazito: mtumwa katika shamba la pamba Louisiana, anayechuma kuliko wanaume, anayetamaniwa na bwana shamba na kuchukiwa na mkewe. Lakini mateso hayatoshi kumfanya mwigizaji awe mkubwa. Angalia eneo la sabuni. Patsey amekwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni kwa sababu mke wa bwana amemnyima hata ya kuogea. Anarudi, anahojiwa. Mwigizaji wa kawaida angelia na kuomba huruma. Lupita anapandisha sauti kwa hasira. Anajitetea kama mtu mwenye haki, anaeleza kiasi cha pamba anachochuma, anainua kile kipande cha sabuni kama ushahidi mahakamani. Mwili wake unajua kipigo kinakuja, lakini sauti inakataa kujua. Nafasi hiyo kati ya mwili na sauti ndiyo iliyompa Oscar, na ndiyo alama yake hadi leo.

Baada ya tuzo hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, alichoanza kuletewa ni nafasi nyingine za watumwa. Akakataa. Tafakari ujasiri wa hilo kwa mtu ambaye hiyo ilikuwa filamu yake kubwa ya kwanza, asiye na akiba ya miaka ishirini ya kazi nyuma yake. Badala yake akachukua nafasi ambazo sura yake haionekani kabisa: Maz Kanata katika Star Wars ya 2015, kiumbe mzee mdogo aliyetengenezwa kwa kompyuta kutokana na miondoko yake, na sauti ya Raksha, mbwamwitu mama, katika The Jungle Book ya 2016. Walikuwapo waliolalamika kwamba Hollywood imemfunika mwanamke mweusi aliyetoka kushinda. Lalamiko hilo lina uzito na silitupi. Hata hivyo mwenyewe alieleza kwamba filamu ya McQueen ilihusu sana mwili wake, na kwamba alijisikia huru kuigiza mahali ambapo mwili huo haukuwa ndio hoja. Mimi namwamini.

Na katika kipindi hichohicho alifanya jambo ambalo kwangu linazidi filamu zote mbili. Alirudi jukwaani.

Eclipsed ni tamthilia ya Danai Gurira, mwandishi mwenye asili ya Zimbabwe. Inatokea Liberia mwaka 2003, vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, ndani ya kibanda ambamo kamanda wa waasi amewaweka wanawake aliowateka. Wanaitana kwa namba: mke wa kwanza, mke wa tatu. Anaingia msichana wa miaka 15 ambaye tamthilia haimpi jina, anafanywa wa nne, na baadaye anashika bunduki akidhani bunduki itamlinda. Lupita aliijua kazi hiyo tangu 2009, ilipochezwa Yale Repertory, ukumbi wa maigizo wa chuo hicho, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza; alikuwa mwigizaji wa akiba wa nafasi ya msichana huyo, yaani alikariri kila neno akikaa nyuma ya pazia kungoja dharura. Miaka sita baadaye, akiwa na Oscar kabatini na uwezo wa kuchagua karibu chochote, aliichagua hiyo. Ikaanzia Public Theater ya New York 2015, ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, Machi 2016 katika ukumbi wa John Golden, chini ya mwongozaji Liesl Tommy wa Afrika Kusini. Ilikuwa mara ya kwanza Broadway kuona tamthilia ambayo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote ni wanawake weusi.

Mwigizaji huyo alikuwa na miaka 33 akimwigiza mtoto wa miaka 15, maonyesho manane kwa wiki, kwa Kiingereza cha Liberia ambacho hata Mmarekani inabidi ategee sikio. Aliteuliwa kuwania Tuzo ya Tony, ile ya tamthilia za Broadway, hakuishinda. Wanaohesabu vikombe hupita hapo upesi. Mimi nasimama hapo, kwa kuwa hapo ndipo jina lake lilifanya kazi ya kuinua wengine. Tiketi ziliuzwa kwa sababu yake, na watu waliofuata nyota wakajikuta wamekaa saa mbili na zaidi na wanawake wanne wa Liberia ambao vinginevyo wasingewajali, na wa tano anayefika kutafuta amani. Miaka miwili baadaye yeye na Gurira walisimama pamoja katika Black Panther, mmoja Nakia, mwingine Okoye, wakizungumza Kixhosa. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Ukweli ni kwamba Nakia hakumpa mengi ya kufanya kama mwigizaji. Alimpa umaarufu, na umaarufu una matumizi yake.

Kwa sisi wa Maziwa Makuu, kazi ya kuipima kwa sikio ni Queen of Katwe ya Mira Nair, ya 2016. Anaigiza Nakku Harriet, mjane wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, muuza mahindi, mama wa Phiona Mutesi, bingwa wa mchezo wa chesi. Niliitazama nikiwa na rafiki Mganda, na kwa dakika kumi za mwanzo nilikuwa nikimchungulia yeye kuliko skrini, nikingoja acheke. Hakucheka. Sote tunajua jinsi Mkenya anavyoharibu Kiingereza cha Uganda anapokiiga: huvuta irabu, hutia kichekesho, humfanya Mganda kuwa mtu wa mzaha. Lupita hakuiga sauti tu. Alichukua mwendo wa sentensi, ule mshuko wa heshima mwishoni, kisha akaujaza ukali wa mama ambaye hana cha kuwapa watoto wake zaidi ya heshima hiyo. Harriet hapigi kelele anapokosana na mwanawe mkubwa. Anashusha sauti, na nyumba nzima inanyamaza. Kila aliyelelewa na mama wa namna hiyo anajua hatari ya sauti ikishuka.

Halafu ikaja Us ya Jordan Peele, 2019, miaka mitano kamili baada ya Oscar. Isome tena hiyo hesabu. Ilichukua miaka mitano kabla ya studio kubwa kumwachia abebe filamu ya sinema mabegani mwake. Na alipopewa, alibeba mbili kwa mpigo: Adelaide, mama wa familia iliyokwenda likizo ufukweni, na Red, kivuli chake kilichotoka chini ya ardhi na mkasi mkononi. Adelaide anasema kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayepima kila neno. Red ana sauti iliyochakaa, inayovutwa ndani pamoja na pumzi, kana kwamba koo lake halijatumika kwa miaka mingi. Ukiirudia filamu hiyo baada ya kuujua mwisho wake, utagundua kwamba tahadhari ya Adelaide na uchakavu wa Red vinasimulia kisa kimoja, na kwamba mwigizaji alikuwa ametuambia siri yote tangu mwanzo kwa masikio yetu. Wahakiki wa New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Oscar haikumteua hata kuwania. Filamu za kutisha huwa hazipewi heshima pale, na hilo ni kosa la pale.

Lakini sauti ya Red ilileta pia lawama, na sitaki kuifunika. Alipokuwa akiitangaza filamu alieleza kwamba aliijenga kutokana na ugonjwa wa kweli unaokaza misuli ya koo na kukatakata usemi. Watetezi wa wagonjwa na wa watu wenye ulemavu wakasema, kwa haki, kwamba kilema cha mtu kimegeuzwa sauti ya jini. Akaomba radhi hadharani. Hapa ndipo nairudia In My Genes. Mwanamke aliyeanza kazi kwa kuwapa watu wenye ualbino nafasi ya kujieleza wenyewe, bila kufanywa vitisho, ndiye yuleyule aliyeteleza. Kinachonifunza kuhusu ufundi wake ni kwamba kosa na sifa vilitoka chungu kimoja: husikiliza sana, huchukua anachokisikia, na safari ile alichukua bila kuwafikiria wenye nacho.

Mwaka 2024 ulituletea jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Juni ilitoka A Quiet Place: Day One, ambamo viumbe vipofu wenye masikio makali humshambulia yeyote anayetoa sauti. Lupita ni Samira, mshairi anayekufa kwa saratani, anayekatiza jiji la New York na paka wake. Mshairi aliyekatazwa kusema! Karibu filamu nzima anacheza kwa macho, pumzi na mabega. Septemba ikatoka The Wild Robot, ambamo hatumwoni hata mara moja. Yeye ni sauti ya Roz, roboti aliyetupwa na dhoruba kisiwani akawa mlezi wa kinda la bata-bukini. Filamu moja ilimnyang'anya sauti, ya pili ikamnyang'anya mwili, ndani ya miezi mitatu, na zote mbili zikasimama juu yake.

Kwa Roz alianza na uchangamfu ule wa mashine zinazotujibu kwenye simu, kila sentensi ikiwa na tabasamu lilelile. Sikiliza jinsi anavyouchubua polepole. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole na kusema hapa ndipo roboti amekuwa mama. Hadi kinda linaporuka na kundi lake, sauti ile bado ni ya mashine kwa kila kipimo, lakini mtu mzima amekaa kwenye kiti cha sinema anafuta machozi kwa kiganja. Kazi hiyo ilimwachia uvimbe kwenye nyuzi za sauti, ikamlazimu kunyamaza kwa muda ili apone. Watu wanaodhani uigizaji wa sauti ni kusoma karatasi mbele ya kipaza sauti wangepaswa kulijua hilo.

Nina manung'uniko pia. The 355 ya mwaka 2022, filamu ya majasusi, haikustahili hata wikendi yake moja. Na kuna kazi ambazo hakuzifanya, zinazonisikitisha kuliko zile mbaya. Alishughulika kwa miaka kuileta riwaya ya Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie kwenye skrini, na mwaka 2020 ikafa, janga la korona lilipovuruga ratiba. Alitangazwa kumwigiza mamake Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini. Filamu hiyo hatujaiona. Alijiondoa The Woman King, filamu ya wanawake wapiganaji wa Dahomey, ufalme wa zamani wenye makao yake Abomey, baada ya kwenda mwenyewe Benin kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu wanawake haohao. Ukiweka majina hayo pamoja unaona Afrika nzima aliyojaribu kuijenga kwa mikono yake, Lagos, Johannesburg, Abomey, na haikusimama. Wanaomlaumu kwamba anafanya filamu chache huhesabu zilizotoka tu.

Labda ndiyo maana kila mara anarudi pale pa kuanzia. Mwaka 2021 alimwigiza tena Juliet, safari hii kwa sauti tupu, katika Romeo y Julieta ya Public Theater iliyochanganya Kihispania na Kiingereza, mwongozaji akiwa Saheem Ali huyohuyo. Kihispania cha Taxco kilipata kazi yake. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Kiswahili. Juliet wa Phoenix aliyesema Kiingereza tu Nairobi, akaenda kusema Kiswahili New York.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lupita alicheza kwao, na ukumbi aliochezea haupo tena. Phoenix ilifunga milango. Kinachokera ni kwamba hatuna hata kisingizio cha lugha. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, akatoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samson Mushi naye akatupa Makbeth na Tufani. Vitabu hivyo vinakaa maktabani, na kijana wa Kisumu au Tanga anayetaka kuvitamka kwa sauti mbele ya watu hana pa kusimama zaidi ya tamasha la shule mara moja kwa mwaka. Nairobi ina mwigizaji wa miaka 14 mahali fulani sasa hivi. Anatafuta ukumbi wa kodi anayoweza kuimudu.

Karibu na mwisho wa Twelfth Night, pacha wawili wanakutana. Viola bado amevaa mavazi ya kiume, na Sebastian, anayeamini dada yake alizama, anamwuliza kijana aliye mbele yake ni jamaa yake wa namna gani, ni mtu wa nchi ipi, jina lake nani, wazazi wake ni akina nani. Ni maswali yaleyale anayoulizwa mgeni akipiga hodi kijijini kwetu. Bustanini New York, aliyeuliza alikuwa mdogo wake kweli, na dada alikuwa nayo majibu yote.